Mama na mwana, faili mbili: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja

Barua ya rufaa iliyofika ofisi ya huduma za jamii kutoka wodini ilikuwa na mistari minne. Mama wa miaka 79, mjane, ameanguka mara mbili ndani ya wiki sita. Mara ya pili amepasuka juu ya jicho na kulazwa. Ana presha na anaona kwa shida. Nyumbani "hakuna mtu wa kumwangalia". Pendekezo: apelekwe makao ya wazee.

Kwenye dawati la pili la ofisi hiyohiyo kulikuwa na faili ya mwanamume wa miaka 46 mwenye mtindio wa ubongo, hali inayoathiri misuli na mwendo wa mwili, anayetumia kiti mwendo. Tathmini yake ya mwisho ilikuwa ya miaka minne nyuma, na ilifungwa kwa sentensi moja: mahitaji yake yote yanatimizwa na mama yake. Anwani kwenye faili zote mbili ilikuwa ileile. Hakuna aliyewahi kuziweka mezani kwa pamoja.

Niseme mapema kwamba kisa hiki ni cha mfano. Nimekiunda kutokana na hali zinazojirudia sana katika kazi ya kuwasaidia wazee na watu wenye ulemavu kuishi majumbani mwao, kwa hiyo watu wake, maneno yao na vipimo vya miili yao si vya familia yoyote halisi. Sheria, mizani ya kitaalamu na historia ninazozitaja ni za kweli. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha kosa linalofanywa na huduma zenye nia njema kabisa: zinapima mtu mmojammoja, wakati kinachosimama au kuporomoka ni mpangilio wa watu wawili.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mratibu aliyepewa shauri la mama baada ya kutoka hospitali hakwenda saa nne, muda ambao ofisi hupenda kutembelea watu. Aliomba kufika alfajiri, akae pembeni, asisaidie chochote.

Mama aliingia chumbani kwa mwanawe akipapasa ukuta. Akakivuta kiti mwendo mpaka ubavuni mwa kitanda, akaishusha miguu ya mwanawe sakafuni, akapitisha mikono chini ya makwapa yake. Mwana akafumbata vidole nyuma ya shingo ya mama. "Breki ya kushoto bado, mama." Mama akaitafuta kwa ncha ya mguu, akaikanyaga. "Haya, moja, mbili." Wakainuka pamoja, wakageuka, mwana akaketi kwa kishindo. Halafu mama akashika ukingo wa kitanda, macho kafumba, kimya kwa muda. Alipoulizwa alijibu kwamba ni kizunguzungu tu, kinapita.

Mwana ana kilo 61. Hospitali nyingi hazimruhusu mfanyakazi mmoja, kijana na mwenye mafunzo, kumwinua mtu mzima wa uzito huo peke yake. Mama huyu alikuwa akifanya hivyo mara nne kwa siku, na amefanya tangu mwanawe alipokuwa mtoto. Uzito uliongezeka taratibu, siku hadi siku, kwa hiyo hakukuwa na siku ambayo mtu angesema sasa imetosha.

Asubuhi hiyohiyo, baada ya kuoshwa na kuvishwa, mwana alikaa mezani na simu. Alilipa bili mbili, akaagiza mahitaji ya nyumbani, akamsomea mama barua ya kliniki ya macho, akaandika tarehe. Jioni ndiye anayesoma majina kwenye vibandiko vya dawa na kumwambia mama ipi ni ipi. Mama hajasoma kibandiko cha dawa kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili.

Mizani inasema nini, na isichokisema

Kuna mizani miwili ambayo karibu kila mtu wa kazi hii huikuta mapema. Wa kwanza ni wa Sidney Katz na wenzake, wa mwaka 1963, unaouliza mambo sita ya mwili: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Wa pili ni wa M. Powell Lawton na Elaine Brody, wa mwaka 1969, unaouliza mambo manane ya kuendesha maisha: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha.

Mama alipata alama 5 kati ya 6 kwenye mizani wa Katz, alama iliyopotea ikiwa ya mkojo wa usiku unaomwahi kabla hajafika chooni. Kwenye mizani wa Lawton alipata 4: anapika, anasafisha, anafua, anapokea simu. Dawa, fedha, manunuzi na usafiri vilimshinda. Mwana alipata 2 kwa Katz, kula na kuzuia haja. Kwa Lawton naye alipata 4: simu, fedha, dawa, manunuzi.

Kila fomu ikisomwa peke yake, inamwonyesha mtu asiyeweza kuishi kwake. Zikiwekwa moja juu ya nyingine, kati ya mambo manane ya Lawton linabaki moja tu lisilo na mwenyewe, usafiri. Kwa hiyo yale maneno ya barua ya wodini, kwamba nyumbani hakuna mtu wa kumwangalia, hayakuwa kweli. Mtu yupo. Hakuhesabiwa kwa sababu anatumia kiti mwendo, na katika fikra za waliojaza fomu mtu wa namna hiyo ni wa kuangaliwa tu. Upande wa pili ulikuwa na upofu wake pia: faili ya mwana ilimhesabu mama kama huduma, mithili ya mfereji usiokauka, bila kuuliza hata umri wake.

Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mazuri. Watu wa huduma tukishachoka na makao ya wazee tuna tabia ya kuipamba nyumba, na hasa nyumba ambamo mama anajitoa kwa mwanawe. Pale palikuwa na mwili wa mama unaovunjika polepole na mwanamume mzima ambaye hajawahi kuamua anaoga saa ngapi.

Kwa nini alianguka

Faili ya hospitali iliandika sababu ileile mara zote mbili: ameanguka akienda chooni usiku. Mwana alisema vingine. Mara ya kwanza ni kweli, saa kumi alfajiri mama alikuwa anaelekea chooni. Mara ya pili ilikuwa saa nane usiku, ndani ya chumba cha mwana, alipokuja kumgeuza. Mwana hawezi kujigeuza kitandani, na akilala upande mmoja usiku kucha ngozi ya nyonga na kisigino hubanwa hadi kukosa damu. Mama alikuwa akiamka mara mbili kila usiku kwa kazi hiyo.

Wodini alisema choo kwa sababu choo hakiwezi kumnyang'anya mtu mwanawe. Aliogopa kwamba akitaja ukweli, watamchukua.

Muuguzi alimpima presha akiwa amelala kwa dakika tano, kisha akiwa amesimama. Akiwa amelala ilikuwa 148 kwa 82. Dakika moja baada ya kusimama ilishuka hadi 119 kwa 76, na dakika ya tatu ilikuwa 124 kwa 78. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo huhesabiwa kuwa presha inayoporomoka kwa kusimama. Hapa ilishuka kwa 29. Wodini presha ilikuwa imepimwa mara nyingi, kila mara mama akiwa amelala.

Halafu dawa. Alikuwa na dawa ya kuongeza mkojo, na alikuwa akiimeza saa mbili usiku. Mwenye kuandika dawa hakusema usiku. Saa mbili ndiyo saa pekee ambapo mama na mwana wote wawili wamekaa, kazi za mchana zimekwisha, na mwana anaweza kusoma vibandiko. Ratiba ya dawa ilifuata ratiba ya kulea. Matokeo yake ni kibofu kinachojaa usiku wa manane, mwili uliopungukiwa maji, na mtu anayeinuka haraka gizani. Juu ya hiyo kulikuwa na kidonge cha mafua cha kununua bila cheti, kile kinacholeta usingizi, ambacho mama alikitumia ili alale tena baada ya kumgeuza mwana. Dawa za aina hiyo zimo katika orodha ya Beers, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ya dawa ambazo wazee wanashauriwa kuziepuka: huleta kizunguzungu, mkanganyiko na kinywa kikavu.

Kulikuwa pia na kipimo cha kuinuka na kutembea, kilichoelezwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991. Mtu anainuka kitini, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anaketi. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, huchukulia sekunde 12 na kuendelea kuwa dalili ya hatari ya kuanguka. Mama alitumia 17.

Hapo mtu anaweza kuona kwa nini binti yake mkubwa alitaka mama aondoke. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio juu ya miaka 60 ndio wengi zaidi. Binti huyo anaishi mbali, ndiye anayelipia dawa, na ndiye aliyepigiwa simu usiku ule. Kwenye kikao alisema: "Mimi sitaki kuja kupigiwa tena niambiwe mama amekutwa sakafuni." Si mtu mbaya katika kisa hiki. Pendekezo lake lilikuwa mama aende makao ya wazee, na mdogo wake aende kituo cha watu wenye ulemavu, kila mmoja mahali penye wauguzi.

Kikao

Kwa muda mrefu kikao kilizungumza juu ya watu wawili waliokuwa wamekaa palepale. Mratibu ndiye aliyekikatiza, akamgeukia mama na kumuuliza anaogopa nini zaidi akiondoka. Wengi walitarajia aseme, nani atamwosha mwanangu. Alisema: "Nani atanisomea dawa?" Akamtazama binti yake. "Huko watanipa kidonge tu. Huyu huniambia ni cha nini."

Kisha mwana akaulizwa. Alichukua muda, maneno yake hutoka taratibu na si kila mtu hungoja yafike. "Sitaki mama aninyanyue. Sijawahi kutaka. Hakuna aliyeniuliza." Ikabainika kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akitaka msaidizi wa kulipwa, na mama ndiye aliyekuwa akikataa. Hakutaka mtu baki amwone mwanawe bila nguo.

"Mama," akasema mwana, "nina miaka arobaini na sita."

"Najua, baba."

Kwangu mimi hapo ndipo kisa kilipo. Kuna maslahi mawili nyumbani humo, na hayalingani kila mara. Mama alikuwa akilinda heshima ya mwanawe kwa namna iliyomnyima mwanawe sauti. Huduma inayomsikiliza mama tu, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo mwepesi, ingeendeleza hilo kwa miaka mingine kumi.

Sheria iko upande wa mwana waziwazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara yake ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua anaishi wapi na nani, bila kulazimishwa kuishi katika mpangilio fulani, na inataja msaada wa nyumbani na msaidizi binafsi kwa jina. Mwaka 2017 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba kujitegemea hakupimwi kwa uwezo wa kufanya kila kitu kwa mikono yako mwenyewe; kinachoangaliwa ni kama maamuzi ya maisha yako yako mikononi mwako.

Wazee hawana mkataba wao wa namna hiyo wa Umoja wa Mataifa. Wana Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Watu Wazee za mwaka 1991, ambazo zinasema wazee wawezeshwe kukaa nyumbani kwa kadiri inavyowezekana, lakini kanuni hazimfungi mtu kama mkataba. Kwa hiyo watu wawili wa nyumba moja walifika mezani wakiwa na silaha zisizolingana. Mratibu alikuwa na jibu zuri kwa hilo: mtu asiyeona vizuri kwa muda mrefu naye yumo ndani ya mkataba wa 2006, awe na miaka 30 au 79. Mama hakuwahi kujiita mwenye ulemavu, na hakulazimika kuanza siku hiyo.

Mawazo haya yalizaliwa na watu waliokuwa na hali kama ya mwana huyu. Ed Roberts alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini, akawa analala ndani ya mashine ya kupumulia. Aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962, akapewa malazi katika hospitali ya chuo kwa sababu mabweni hayakuweza kuibeba mashine yake. Mwaka 1972 yeye na wenzake walianzisha hapo Berkeley kituo cha maisha ya kujitegemea kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mtu ambaye hakuweza kujivisha shati aliitwa mwenye kujitegemea kwa sababu aliyemvisha alifuata maelekezo yake. Ukimwambia hivyo afisa aliyezoea kuhesabu alama za Katz, hukukodolea macho.

Saa tisa za wiki, mahali pake

Shirika la huduma lilikuwa na ofa: mhudumu aje alasiri siku tatu kwa wiki, kila safari saa tatu, jumla saa 9. Afanye usafi, apike, afue. Mtaona tatizo. Kupika, usafi na kufua ni vitu vitatu ambavyo mama anaviweza na anavipenda. Alasiri ni muda ambao hakuna anayenyanyuliwa. Ratiba hiyo iliwafaa waliopanga zamu, haikuifaa nyumba.

Mratibu alipiga hesabu upya. Dakika 45 kila asubuhi kwa siku saba ni dakika 315. Dakika 30 kila usiku kwa siku saba ni 210. Jumla ni 525, yaani saa 8 na dakika 45, na robo saa inabaki. Saa zilezile, zikahamishiwa kwenye viungo viwili vya siku vilivyokuwa vikimvunja mama: kumtoa mwana kitandani na kumrudisha. Shirika lililalamika kuhusu muda wa njiani, maana safari 14 fupi humchosha mhudumu kuliko tatu ndefu. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Yalimalizika pale nyumba hii ilipounganishwa na wateja wengine wawili wa karibu ili zamu ya asubuhi iwe njia moja.

Vifaa vilikuwa vya kawaida. Kitanda cha mwana kilishushwa kilingane na kiti, ukawekwa ubao wa kuhamia, ule laini unaomwezesha mtu kuteleza kutoka kitandani hadi kitini. Kwa mikono yake yenye nguvu kiasi, mwana alianza kufanya sehemu ya kazi mwenyewe. Kizingiti cha mlango wa mbele kilikuwa na kimo cha sentimita 18. Mteremko unaofaa kiti mwendo ni kupanda 1 kwa kila 12, kwa hiyo ilihitajika njia ya mita 2 na sentimita 16, iliingia vizuri. Mlango wa bafu ulikuwa na upana wa sentimita 68, na kiti kinahitaji kama 80. Ndiyo maana mwana alikuwa hajaingia bafuni kwa miaka yote hiyo. Alikuwa akioshwa kitandani kwa beseni. Kuvunja ukuta kungekula bajeti nzima. Fundi aliondoa mlango pamoja na fremu yake, akaweka pazia zito, ikapatikana nafasi ya kutosha. Kwa mama vikawekwa vyuma vya kushikilia pande zote mbili za choo, na taa inayojiwasha mtu akishuka kitandani.

Kugeuzwa usiku ndiko kulikohitaji uangalifu zaidi, na hapa ningeomba wanaopanga huduma wasiwe na haraka. Godoro la hewa linalobadilisha mgandamizo lilipunguza hitaji, halikuliondoa. Muuguzi aliongeza muda kati ya kugeuza na kugeuza kidogokidogo, huku ngozi ikikaguliwa kila asubuhi: mahali palipobadilika rangi na ambapo rangi hiyo haififii pakibonyezwa ni dalili ya kwanza ya kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mkono hutangulia jicho. Unatafuta joto, ugumu, au ngozi kuwa laini kupita kawaida. Mwishowe mhudumu wa usiku alimlaza mwana kwa kuinama kidogo ubavuni, nyuzi 30, akiegemezwa mito, na ikabaki mara moja ya kugeuzwa, alfajiri, mama akiwa ameshaamka kwa hiari yake. Hata hiyo hufanywa kwa shuka ya kutelezesha, bila kunyanyua.

Daktari ndiye aliyehamisha dawa ya mkojo kwenda asubuhi na kuifuta ile ya mafua. Mratibu hana mamlaka hayo na hakujifanya anayo. Mama alianza mazoezi ya Otago, yaliyobuniwa New Zealand: dakika 30 za nguvu na usawa wa mwili mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea. Majaribio manne yalipojumlishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba mazoezi hayo hupunguza kuanguka kwa asilimia 35 hivi. Aliyemhesabia mama mazoezi ni mwana.

Kilichoenda mrama

Mwezi wa kwanza zilikuja sura nyingi mno. Mama alifunga mlango asubuhi mbili na kumwosha mwanawe mwenyewe, na sioni ajabu. Mtu anayeingia chumbani kwako na kukushika hawezi kubadilika kila siku kama dereva wa basi. Jumapili mhudumu alichelewa hadi saa nne, mwana alikuwa bado kitandani, mama akanyanyua. Tena kulikuwa na kanuni ya ajabu: kwa kuwa saa zilitolewa kwenye faili ya mama, mhudumu alielekezwa kwamba haruhusiwi kumgusa mwana. Kwa wiki nzima alikuja mtu wa kusaidia kazi iliyokuwa imepigwa marufuku kwake.

Njia ya kutoka ilikuwa kuzihamishia saa hizo kwenye faili ya mwana na kumpa yeye usukani. Nchi kadhaa zina utaratibu huo kisheria: Uswidi tangu 1994 ina sheria inayompa mtu mwenye ulemavu mkubwa haki ya msaidizi binafsi, na Uingereza ilipitisha mwaka 1996 sheria ya kumlipa mhitaji moja kwa moja ili anunue huduma mwenyewe. Hapa halikufika huko, lakini mwana alikaa kwenye usaili, akachagua wasaidizi wawili wa kiume wa kupokezana, na ndiye anayesaini karatasi za saa zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; maswali aliyoyauliza kwenye usaili hayakuwa kwenye orodha ya ofisi. Alitaka kujua kama mtu huyo huzungumza na simu wakati wa kazi, na kama anaweza kungoja sentensi iishe.

Mama alilegea alipoona msaidizi anabisha hodi kwenye pazia la bafu.

Mwezi wa nne alianguka tena, mchana, akiokota nguo iliyodondoka. Hakuumia, ila hakuweza kuinuka. Mwana alipiga simu na mtu akafika baada ya muda mfupi. Binti akarudi na pendekezo lake la mwanzo, na safari hii alikuwa na hoja: mlisema mmetatua. Mratibu hakumwahidi kwamba mama hataanguka tena. Alimweka mbele tofauti kati ya mianguko hiyo. Miwili ya kwanza ilikuwa na sababu zinazojirudia kila usiku. Wa tatu ulikuwa wa mzee mwenye nyumba yake akifanya kazi yake, na makao ya wazee nayo yana sakafu. Mtaalamu wa viungo alimfundisha mama kugeuka ubavu, kupiga magoti na kujiinua kwa kiti. Binti hakuridhika sana. Alikubali jambo moja, kwamba apigiwe simu na mdogo wake, asipigiwe na ofisi.

Likaandikwa pia lile ambalo familia zote hulikwepa: mama akilazwa ghafla, usiku huohuo nani anakuja kwa mwana. Karatasi moja inataja wasaidizi wawili, mpangilio wa saa 72 za kwanza, dawa, namna ya kutumia ubao, na kwamba mwana hapelekwi kituoni kwa sababu ya dharura ya mama. Ameisaini yeye. La nyumba kuandikwa kwa jina la nani bado linabishaniwa kati ya dada na kaka, na huduma za jamii hazina la kusema hapo zaidi ya kuwaelekeza kwa mwanasheria.

Pale shauri lilipo

Macho ya mama yamefanyiwa upasuaji, moja baada ya jingine. Sasa anasoma vibandiko mwenyewe. Alama yake ya Lawton imepanda kutoka 4 hadi 6, na mfumo, ambao bado unamwona mama kama sehemu ya huduma ya mwana, umetoa pendekezo kwamba saa za nyumba hiyo zipunguzwe kutoka 9 hadi 5 kwa kuwa "mlezi ameimarika". Yaani kuona vizuri kumemrudishia kazi ya kunyanyua kilo 61.

Mratibu amepinga kwa hoja ya kwamba macho hayana uhusiano na mgongo, na kwamba muda wa mama kwenye kipimo cha kuinuka na kutembea, ingawa umepungua hadi sekunde 14, bado uko juu ya 12. Mwana ameambatisha pingamizi lake mwenyewe, ukurasa mmoja, akieleza kwamba saa hizo ni za mwili wake na hazikuwahi kuwa za mama. Amemwomba afisa anayepitia shauri aeleze kwa maandishi ni kazi ipi kati ya kuhamishwa, kuoshwa na kulazwa ambayo imepungua tangu upasuaji wa mtu mwingine. Kwa kuwa pingamizi liliwasilishwa kabla ya tarehe ya kupunguza, saa zote 9 zinaendelea mpaka uamuzi utoke.